Kuwafundisha watoto akiolojia hapo hapo uani, mwongozo kamili kuanzia kamba mpaka kufukia shimo

Akiolojia ni kuwajua watu wa zamani kwa vitu walivyoacha ardhini. Kuchimba kwenyewe hakuna mtoto anayefundishwa. Mpe kijiko mtoto wa miaka minne, geuka dakika mbili, ukirudi shimo lipo. Kitu ambacho inabidi umfundishe ni kusimama, yani akiona kitu kimechungulia kwenye udongo asikivute, aite, akichore kwanza pale pale kilipo ndo kitoke. Mengine yote nitakayoandika hapa chini ni njia ya kumfikisha mtoto kwenye hicho kitu kimoja bila kumboa.

Mara ya kwanza nafanya na wanangu sikulijua hili, niliwapa vijiko na ndoo nikawaambia haya tafuteni vitu vya zamani. Ndani ya saa moja ndoo ilikuwa nusu, vigae vya vyungu, mifupa ya kuku, vizibo vya soda, sarafu moja ya senti 20 ile yenye mbuni, wamefurahi kweli kweli. Jioni tumekaa barazani namuuliza binti yangu hii sarafu ilikuwa juu ya kigae hiki au chini yake, akanitazama tu. Hakuna aliyekuwa anajua. Na hakuna namna ya kujua tena maana shimo limeshavurugwa. Iliniuma, kwa sababu lile swali ndo lingetuambia nani alitangulia hapo kwetu, mwenye chungu au mwenye sarafu.

Kwahiyo safari hii tunaanza na shimo la kutengeneza. Unapanga wewe mwenyewe tabaka zake, unaficha vitu, halafu watoto wanakuja kuchimba. Mtoto akishazoea hapo ndo unaweza kumpa kipande cha uani ambacho hata wewe hujui kuna nini.

UMRI NA MUDA

Miaka 4 mpaka 9 ndo rika zuri. Wa miaka 4 na 5 wakae kwenye kuchekecha na kuosha, wa 6 kwenda juu wanaweza kupima na kuchora. Watoto wanne kwa shimo moja wanatosha, wakizidi hapo wanaanza kusukumana na kingo zinaporomoka. Dakika 40 kwa siku, asubuhi kabla jua halijawa kali au baada ya alasiri, na uipange siku tatu au nne. Usilazimishe kumaliza siku moja, ile kulala na hamu ya kujua kesho kuna nini ndo inawafanya wakumbuke.

MAHALI, NA HAPA USIFANYE HARAKA

Tembea uani na mtu anayekijua kiwanja toka zamani. Uliza choo cha zamani kilikuwa wapi, karo liko wapi, bomba la maji linapita wapi, waya wa umeme umefukiwa upande gani, takataka zilikuwa zinachomwa wapi. Maeneo yote hayo kaa nayo mbali. Jalala la zamani linavutia sana kwa sababu lina vitu vingi lakini lina nyembe, sindano, vioo na betri zilizooza, sio la watoto. Kama kuna kaburi la ukoo kiwanjani hapo hata usifikirie, nenda upande mwingine kabisa.

Viatu vya kufunika vidole ni lazima, sio ndala, kwa sababu minyoo ya safura inaingilia kwenye ngozi ya miguu hasa udongo wenye unyevu, na funza pia. Angalia kadi ya kliniki kama chanjo ya pepopunda iko sawa. Kucha zikatwe kabla, mikono ioshwe kwa sabuni baada, na hakuna mtu kula muhogo pembeni ya shimo, maliza kwanza.

Halafu kina. Shimo lisizidi magoti ya mtoto mfupi kuliko wote. Sisi wa pwani udongo wetu ni mchanga, unaonekana umekaa vizuri halafu ghafla unashuka, na watoto wanapenda kuchimba kuingia chini ya ukingo kama pango. Hilo ni marufuku toka siku ya kwanza. Shimo liende wima au lilale kidogo kwa nje, na kila jioni lifunikwe na bati au mbao nzito mtu asije akatumbukia usiku.

VIFAA

Vingi unavyo nyumbani. Vijiko vya kulia, brashi ya rangi ya inchi mbili, miswaki iliyochoka, mwiko wa fundi mdogo kwa ajili yako wewe mkubwa, karai au ndoo, wavu wa kuchekechea mchanga (ule wa fundi, ukiupigilia kwenye fremu ya mbao safi kabisa), futi, uzi wa fundi, vijiti vinne imara, maka peni, daftari la hesabu lile la vyumba vyumba, na bahasha za kaki. Bahasha ni nzuri kuliko plastiki kwa sababu zinapumua, kitu chenye unyevu ukikifungia kwenye plastiki kinaota ukungu. Jembe lipo pia lakini ni lako, kuandaa na kufukia tu. Mtoto na jembe kwenye shimo hili hapana.

KUTENGENEZA SHIMO

Fanya watoto wakiwa shule au wamelala. Chimba mraba wa mita moja kwa moja, kina kisizidi yale magoti ya mtoto mfupi, na udongo wote unaotoka upitishe kwenye wavu utoe vioo na misumari. Sasa unarudishia kwa tabaka tatu, na kila tabaka iwe na rangi yake kwa sababu mtoto anasoma rangi kabla ya kitu kingine chochote.

Tabaka la chini kabisa, udongo mwekundu. Hapa weka jiko, mafiga matatu, katikati yake mkaa na majivu, pembeni mifupa ya samaki iliyochemshwa ikakauka, na makombe kadhaa ya pwani. Weka na chungu kilichovunjika. Nunua chungu kidogo cha mfinyanzi, kile kisichowekwa rangi, kichore pembetatu pembetatu shingoni kwa msumari ukiwa umekilowesha. Vyungu vyenye michoro ya namna hiyo vilitumika pwani yetu yote zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na mwanaakiolojia Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amevichimba na kuviandika sana, maeneo ya Rufiji na kwingine huku pwani. Kivunje ndani ya gunia, kingo zisugue kwenye sakafu ya saruji mpaka zisikate. Kama vimetoka vipande kumi fukia saba tu, vitatu baki navyo kabatini. Watoto wakija kuunga watakuta pengo, wataanza kuuliza vingine viko wapi, na hilo swali ni zuri mno kuliko chungu kizima. Nitarudi hapo.

Tabaka hili pia toboa tundu la nguzo. Chukua mti mnene kama mkono wako, uchomeke wima, ushindilie, halafu uutoe na ulijaze lile tundu udongo mweusi. Mti ukioza ardhini ndivyo unavyoacha, duara la rangi nyingine. Kule Shanga kisiwani Pate, Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alivyochimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe alikuta alama za namna hii za misikiti ya miti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, miti yenyewe hakuna imebaki rangi tu kwenye udongo. Wengi wakipanga shughuli hii wanafukia vitu vitu tu, wanasahau kwamba udongo wenyewe nao ni kitu cha kukuta. Ukiweka madoa manne yamekaa kwa mstari mtoto anaona nyumba.

Tabaka la kati, mchanga mweupe. Vifungo vya shati, kipande cha sahani ya maua, kifuniko cha bati, na sarafu za zamani. Sarafu ndo kitu kitamu kuliko vyote kwa sababu zina mwaka. Senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, shilingi yenye mwenge, zote hizi zilianza 1966, waulize wazee au wauza vitu vya kale. Ukizikosa basi zozote zenye mwaka unaosomeka.

Tabaka la juu, udongo wa kawaida na mboji. Vizibo vya soda, kipande cha kalamu, vocha ya simu, kipande cha mfuko wa rambo.

Kila tabaka ukimaliza nyunyizia maji ukanyage kwa mguu. Halafu liache wiki moja, mbili ni bora zaidi, mvua ikinyesha ndo vizuri kabisa, udongo ukae usionekane umechimbwa jana. Na chora ramani yako ya siri ya kila kitu ulichoweka na idadi, siku ya mwisho utahesabu usiache kitu ardhini.

KABLA HAMJAGUSA UDONGO

Siku ya kwanza hakuna kuchimba kabisa. Kaeni chini muongee. Mimi huwa naanza na kile kitoto cha pango la Panga ya Saidi kule Kilifi, Kenya, ambacho wataalamu wenyewe walikipa jina Mtoto. Kilikuwa na miaka mitatu hivi, kilizikwa miaka 78,000 iliyopita, kimelazwa ubavu na magoti yamekunjwa kifuani, na kwa namna kichwa kilivyolala inaonekana kiliwekewa kitu mfano wa mto. Mifupa ilikuwa imelika sana kiasi kwamba ingeguswa ingekuwa unga, kwahiyo hawakuivuta, walikata bonge zima la udongo wakalifunga kwa plasta wakalipeleka Makumbusho Nairobi na baadae maabara Hispania, taarifa ikatoka 2021. Wenye miaka sita na kuendelea wanaielewa vizuri. Wadogo zaidi waambie tu kuna watu walimlaza mtoto wao vizuri zamani sana, na tumejua kwa sababu waliochimba hawakuwa na haraka. Mwanangu aliuliza kwani mama yake alilia? Nikamwambia nadhani alilia. Sijui mwalimu mwingine angejibuje lakini mimi naona swali kama hilo ukilikwepa umepoteza somo zima.

Baada ya hapo pigeni kamba. Vijiti vinne kwenye kona, mita moja kila upande, pima ulalo kutoka kona mpaka kona, pande zote mbili ziwe karibu sm 141. Zikitofautiana mraba umepinda, sogeza kijiti. Watoto wakubwa hapa wanaanza kuona kumbe hesabu ina kazi. Kisha gawanyeni vyumba vinne kwa uzi: A1, A2, B1, B2. Kila mtoto chumba chake, na mraba huo huo uchorwe kwenye daftari, vyumba kumi vya daftari kwa mita moja, yani chumba kimoja ni sm 10. Weka alama ya kaskazini, jua linakotoka wanapajua, wakiangalia huko kaskazini ni mkono wa kushoto.

KUCHIMBA SASA

Neno kuchimba mimi silitumii nao, nasema kukwangua. Kijiko kinalazwa, unakwangua udongo mwembamba kama unakwangua ukoko kwenye sufuria, unaelekea kwako, unaingia kwenye karai. Chumba chote kishuke pamoja, asiwepo mwenye shimo katikati. Kitu kikichungulia mtoto anasema "simama!" kwa sauti na wote wanatulia. Hii wanaipenda kuliko hata kuchimba. Anachukua brashi, anasafisha pembeni bila kukitikisa, anapima kwa futi kiko sm ngapi kutoka kamba ya kushoto na ngapi kutoka kamba ya chini na kina kiasi gani, anachora, unapiga picha na simu ukiwa umeweka rula pembeni ukubwa uonekane. Ndo kinatoka. Kinaingia kwenye bahasha imeandikwa: tarehe, chumba, tabaka, jina la aliyekiona.

Atakuwepo atakayekivuta. Usimgombeze, muulize tu kilikuwa wapi, akishindwa kusema kiweke kwenye bahasha ya peke yake iliyoandikwa "hatujui kilipotoka". Mwisho wa siku ile bahasha iweke wazi wote waione. Kwetu siku ya kwanza ilikuwa na vitu sita, siku ya tatu haikuwa na kitu.

Rangi ya udongo ikibadilika pia ni "simama". Hapo tabaka limeisha, karai linamwagwa kwenye wavu, daftari linafunguliwa ukurasa mpya. Usichanganye udongo wa tabaka mbili kwenye karai moja.

Kuchekecha ni kazi ya wadogo na usiwaambie ni kazi ndogo maana sio. Waambie habari ya Kamoya Kimeu, Mkenya, ambaye 1984 karibu na Ziwa Turkana aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka, wengine wangepita tu. Wenzake wakachimba na kuchekecha udongo mwingi sana na ikapatikana mifupa mingi ya kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mtoto ukimwambia hivo anaushika wavu kwa adabu. Waache waguse, watofautishe jiwe na mfupa, mkaa na udongo mweusi (mkaa ni mwepesi na unaacha alama kwenye kidole).

KUOSHA NA KUPANGA

Vigae na makombe vinaoshwa kwa maji na mswaki, taratibu pale kwenye michoro. Chuma na mifupa haviogeshwi, vinapanguswa kwa brashi kavu. Mkaa usioshwe wala kupanguswa kabisa. Kausheni kivulini juu ya gazeti, kila bahasha na gazeti lake, na hapa simamia mwenyewe kwa sababu vitu vikichanganyika kwenye kukausha kazi yote imeenda na maji.

Vikikauka tandikeni mkeka, tabaka la juu kichwani mwa mkeka, la chini miguuni. Daftari gawanyeni kurasa mbili, upande mmoja andikeni NIMEONA, wa pili NADHANI. Nimeona mawe matatu na mkaa katikati. Nadhani walipika. Nimeona mifupa ya samaki. Nadhani walikuwa wavuvi, au walinunua? Mtoto akisema "hii nyumba ilikuwa ya tajiri" muulize umeona nini, akikuonyesha kipande cha sahani ya maua muulize na maskini hawezi kuwa na sahani ya maua? Wabishane. Kwangu mimi kuzijua kurasa hizo mbili ni muhimu kuliko kujua neno akiolojia lenyewe.

Sarafu nayo ina somo lake. Kama imeandikwa 1966, tabaka ilimokuwa haliwezi kuwa la kabla ya 1966, maana hata sarafu yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Lakini linaweza kuwa la baadae, mtu anakaa na sarafu miaka ishirini ndo inamdondoka. Mfuko wa rambo ni hivo hivo, ulipigwa marufuku Tanzania 2019, kwahiyo wenyewe huenda umetengenezwa kabla, ila je ulitupwa lini? Watoto wa miaka saba wanaipata hii vizuri kabisa ukiwapa muda.

Halafu chungu. Waunge vigae kwa gundi nyeupe ya shule, ukivisimamisha kwenye beseni la mchanga visidondoke. Pengo litabaki. Usiwape vile vitatu vya kabatini. Najua inatia huruma, na mdogo wangu aliniambia mnyonge usimtese, lakini kwenye kazi halisi vingine havipatikani kabisa, labda kuna mtu alivichukua, labda viko chini ya nyumba ya jirani. Waache wachore kwenye karatasi chungu kizima wanavyodhani kilikuwa. Mwezi mmoja baadae ndo uwatolee vile vitatu walinganishe.

WAKIKUTA KITU CHA KWELI

Ukihamia sehemu halisi ya uani hili linaweza kutokea, hasa sisi tunaoishi pwani. Mfupa unaohisi ni wa binadamu: watoto watoke, usiguse tena, mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi. Vigae vingi vya zamani, shanga, ukuta wa mawe ya matumbawe: simameni, pigeni picha, fukieni kidogo kulinda, toeni taarifa serikali ya mtaa au Makumbusho ya Taifa. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale toka 1964, Kenya kuna ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, na kuchimba vitu vya kale bila kibali ni kosa. Kwahiyo hata siku moja msiende na vijiko kwenye magofu ya Kaole, Kunduchi, Kilwa au Gede. Hata kigae kilicholala juu ya mchanga pale Kaole kiache, mpige picha mtoto amekichuchumalia, kigae kibaki pale pale. Wakishapitia shimo la nyumbani wala huhitaji kuwaeleza sana kwanini.

Na mkipata nafasi wapelekeni Makumbusho ya Taifa pale Posta, Dar es Salaam, wakasikie habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile alilolikuta mtafiti Mary Leakey bonde la Oldupai tarehe 17 Julai 1959, la miaka milioni 1.75. Wapelekeni baada ya kuchimba, sio kabla.

WANAOKAA GHOROFANI

Chukua beseni kubwa, tabaka hizo hizo tatu kila moja sm 8, kamba ibandike kwa selotepu ukingoni. Jiko la mafiga litaingia ukitumia kokoto. Kila kitu kingine ni kile kile, mpaka bahasha.

KUFUKIA

Hatua hii wanaichukia. Waambie za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zile nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu za miaka milioni 3.66, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Mara ya kwanza udongo waliofukia nao ulikuwa na mbegu za migunga, migunga ikaota na mizizi ikaanza kuzitishia nyayo zenyewe, ikabidi miaka ya 1990 wataalamu wafukue, waitoe mizizi, wafukie upya kwa uangalifu. Kwahiyo na nyie udongo wa kufukia upite kwenye wavu kwanza, hesabuni vitu kwa ile ramani yako ya siri, mkikosa kimoja kitafuteni mpaka kipatikane. Sisi kabla ya kufukia tunaweka chini kabisa sarafu moja ya mwaka huu kwenye kichupa, watakaochimba miaka 200 ijayo wajue kuna watu walishapita hapo. Binti yangu aliomba aweke na karatasi yenye majina yao, nikamwambia karatasi itaoza, akaenda akachora pembetatu tatu kwenye kigae kwa msumari, moja yake, moja ya mdogo wake, moja yangu. Kiko pale chini kabisa, chumba B2.